Suruali Nyeupe Mbele ya Tribini

Nilikuwa nimewapa wakubwa mugongo, mikono kiunoni, natikisa matako kwa wimbo wa chama, wakati watu wa tribini, lile jukwaa lao, walianza kuacha makofi, mumoja mumoja, na mama wa safu yao ya nyuma akasema bila kuficha, "Sitoyeni Amisi anaona mwezi." Safu nzima ikacheka, hata mupiga ngoma akapoteza mapigo. Nikajishika nyuma, nikatazama mukono: damu. Haya ya siku ile sijaimaliza mupaka leo, lakini acha nieleze mwenyewe, maana pale Kindu wengine wanasimulia vibaya (eti nilikalia nyanya).

Miaka ile ya Zaire kila mutu aliitwa sitoyeni, na kila kazi ilicheza animasio, ngoma ya kusifu chama; asiyekuja jina lake linaitwa kwenye chama. Sisi wa depo ya gari la moshi tulipewa suruali nyeupe, na ile hatua ya kugeuza mugongo aliichagua shefu wetu Kitenge, akisema inapendeza. Kitenge, ilipendeza.

Sasa mimi nilikuwa naona damu chooni tangu miezi mitatu, bila maumivu, na choo kimekuwa chembamba. Nilimuuliza baba mudogo Saidi, mudogo wa marehemu baba yangu, aliyesaidia zamani kwenye dispansere, na katika ukoo yeye njo daktari wetu.

"Hiyo hemoroide tu, bawasiri," aliniambia. "Baba yako pia alikuwa nayo. Njo ya nyumba yetu."

Alisema kama ananigawia urizi. Dawa yake ni lavema ya pilipili, unajipigia maji nyuma kila wiki. Asubuhi ya animasio nikakata shauri (huu ni ujinga wangu, hakuna aliyenishurutisha) nijipige moja, pilipili mara mbili, ili tumbo liwe tupu lisinisumbue mbele ya watu. Likawa tupu kweli, nikavaa nyeupe yangu, nikaenda na kiburi, na wimbo wa tatu ndio ukanivua nguo.

Mama Zaina, mwenye kuongoza nyimbo, alifungua kitenge chake cha juu akanizungushia. "Twende hospitali, baba. Haya utaiona kesho."

Daktari alinilaza ubavu, akaingiza chuma, akatazama sana. "Humu ndani iko vinyama, kama uyoga mudogo. Bado si kansa, lakini viwili vimeshashika njia ya kwenda kule. Baba yako alikufa na nini?"

Nikamugeukia baba mudogo Saidi, aliyekuja mbio akisikia habari. Alikuwa anatazama chini.

"Sema, mzee," daktari akamwambia.

"Kansa ya utumbo. Kule Kisangani waliniambia watoto wake wote watazamwe."

"Na wee ukamwambia nani?" nikauliza.

"Nani angeoa kwenu, Amisi? Ugonjwa ya matako?"

Dada yangu Mwajuma aliolewa Lubutu, ndiyo, aliolewa vizuri. Kabla ya siku ile alitoka damu miaka miwili, na baba mudogo akimutumia pilipili kwa mashofere wa malori. Tulimuzika akiacha mutoto wa kunyonya.

Mimi walinikata vile vinyama, na kila mwaka narudi kulala ubavu ule ule, na kwa hilo sioni tena haya. Lavema sitajipiga tena, hata tumbo lijae mawe. Na watoto wangu wakifika umri aliosema daktari, watatazamwa wote, wanaocheka wacheke.

Lakini wewe, Saidi, uko hai pale Mikelenge, una watoto watano na hawajui. Ijumaa baada ya swala ukoo wote utakuwa kwangu. Kuja useme kwa kinywa chako daktari wa Kisangani alikuambia nini, na kwa nini ulinyamaza. Bwana ya Mwajuma ameshafika kutoka Lubutu. Yeye njo wa kwanza kungoja jibu, na mimi ni wa pili.