Barua Tatu na Adui Mmoja

Koti ni langu, naomba lijulikane hivyo tangu mwanzo. Muthama wa Mbumbuni alipokwenda kupigwa picha Emali mwaka wa 1978, alivaa koti langu, tai ya mwalimu mkuu, na miwani ya marehemu babake iliyomtia kizunguzungu. Picha aliibandika juu ya bahasha ya kaki. Ndani akatia barua ya pasta, ya chifu na ya mwalimu mkuu, pamoja na cheti cha semina ya siku mbili ya ufugaji nyuki.

Miaka miwili alikuwa hana kazi. Mkewe Kalunde alishamwambia kwamba mvua ya Novemba ikimkuta hivyo, anarudi kwao Kanyangi na watoto.

Kazi iliyokuwapo ilikuwa ya karani wa mifugo kwa Abdille, mfanyabiashara aliyepakia mbuzi kwenye malori pale Emali. Nilimsindikiza Muthama ili nilinde koti.

Abdille alizisoma barua zote polepole, akazirudisha kwenye bahasha.

"Hizi zote zinakusifu," akasema. "Hata mwizi iko na pasta. Nipatie jina ya mtu hakupendi."

Jina hilo Mbumbuni nzima ililijua. Muthama na jirani yake walikuwa wameshtakiana kwa chifu mara saba katika miaka saba. Mwishowe akasema, "Ndeti," kama mtu anayemtajia daktari ugonjwa wa aibu.

Siku ya soko Abdille akaja Mbumbuni, akamketisha Ndeti hotelini na kumwagizia chai. Mimi nilikuwa meza ya pili, na nilimhurumia sana Muthama, maana Ndeti hakuhitaji kubembelezwa.

"Huyo mtu ni mbaya," Ndeti akasema. "Mbuzi yangu moja ilikula kunde yake mistari mbili tu. Akakuja kwangu, mbuzi ziko arobaini, akashika ile ile. Anajua sura yao kuliko mimi. Nikampelekea jogoo anyamaze, akarudisha. Saa kumi na moja asubuhi amesimama kwa ua anahesabu mbuzi yangu, ndio ajue gani imetoka. Huyo si mtu, ni mateso."

"Endelea, mzee," Abdille akasema, akamwongezea mandazi.

Jumatatu Muthama akaanza kazi. Kalunde alifungua virago vyake, nami nilifurahi kweli, ingawa koti lilirudi na harufu ya beberu.

Ndeti alinuna wiki tatu. Kisha Jumapili moja baada ya kanisa akaja kwa Muthama, kofia mkononi. Tulidhani ni kesi ya nane.

"Mutui," akaanza. Hilo ndilo neno letu la kumwita jirani, na kwa miaka saba hakuwa amelitumia. "Nasikia Abdille anataka mlinzi. Mimi nimeandika jina yako. Tafadhali, uniseme vibaya."

Muthama akamsogezea kiti.

"Usijali, mutui," akasema. "Hiyo nimejitayarisha miaka saba."