Nililifua Doa la Kijani

Saa nne asubuhi nilimkuta mbwa wa baba mkwe wangu amelala juu ya shuka jeupe la mteja wangu mkubwa. Chini ya mkia wake palikuwa na doa la kijani kizito, linateleza, lina harufu ya kukata pumzi.

Nikafanya nini? Nililifua.

Kabla hamjanicheka, nisikilizeni mpaka mwisho, maana humu ndani kuna kifo.

Mimi ni dobi. Nina chumba kimoja nyuma ya nyumba, mashine mbili, beseni sita na kamba za kuanikia. Watu hudhani dobi kazoea uchafu. Wapi! Nimekuwa dobi kwa sababu siuvumilii. Unywele mmoja ulionasa kwenye kipande cha sabuni unaniharibia siku nzima. Mate ya mtoto kwenye kola yananirudishia chakula kooni.

Sasa mtu wa namna hiyo mletee mbwa mwenye mimba.

Mbwa anaitwa Tunu. Alikuwa wa mama mkwe wangu. Mama alipofariki, mke wangu alimchukua baba yake aje kukaa nasi, na Mzee akasema haji bila Tunu. Macho ya Mzee yote mawili yana mtoto wa jicho. Anaona mwanga na vivuli, basi. Tangu msiba, sisi watu hutupa maneno ya kuhesabu, lakini na Tunu anaongea kutwa.

Siku moja nilimsikia akimwambia, "Na wewe ukiondoka, mimi nabaki na nani?"

Nilirudi nyuma polepole nisisikike. Kwa hiyo mnaelewa. Tunu hakuwa mbwa tu pale nyumbani.

Siku yenyewe mke wangu alikuwa kazini. Tangu asubuhi Tunu alikataa chakula. Alihema ulimi nje, akatetemeka, akakwangua sakafu utadhani kafukia kitu, kisha akaja kutapika povu la njano sentimita chache kutoka kwenye kandambili zangu. Nikaruka.

Mzee, aliyekuwa kakaa barazani, aliniambia nitulie. Yote hayo ni kawaida, akasema. Anatafuta mahali pa kuzalia. Jana alimgusa akamkuta joto la mwili limeshuka, kwa hiyo leo ndiyo leo.

"Kazi yako ni moja tu, mwanangu," akasema. "Mimi rangi sizioni. Chochote kikitoka, niambie rangi yake."

Kazi moja. Kutazama.

Nilikuwa nimemwandalia Tunu boksi kubwa lenye matambara, pale pale barazani. Akaingia, akanusa, akatoka na dharau zake. Mimi nikaenda kuanika taulo, mlango wa chumba cha kufulia nikauacha wazi. Nilipogeuka ndiyo nikayakuta hayo ya saa nne.

Niwaambie kuhusu hilo shuka. Kila Jumatatu dereva mmoja mpole huniletea mashuka meupe kumi na mawili, tayari yamesuuzwa maji ya kwanza. Miaka mitatu hajakosa. Sikuwahi kuuliza yanatoka wapi. Nilijua tu ni nyumba ya wageni fulani yenye watu wastaarabu. Hao ndio walionilisha.

Nikavaa glovu mbili mbili, nikambeba Tunu mpaka kwenye boksi huku nimegeuza uso pembeni. Nikarudi kwenye shuka. Dobi yeyote atawaambia, doa likikauka limeshinda. Maji baridi, chumvi, sabuni ya mche, nikasugua huku nimebana pumzi, machozi yananitoka. Kijani kikafifia, lakini hakikuisha.

Mzee akauliza kutoka barazani, "Kimetoka chochote?"

Hapo ndipo nilipoharibu.

Nikisema kimetoka, atauliza kimetokea wapi. Na Mzee ni mtu mnyoofu mpaka anakera. Aliwahi kunilazimisha nimpigie mteja simu kwa ajili ya kifungo kimoja kilichopotea. Angenitaka nimwambie mwenye shuka kwamba mbwa amelichafua. Ningeanzaje? Mashuka ya wageni, na uchafu wa mbwa.

"Bado, Baba. Hakuna kitu."

Nikasema hivyo huku povu la kijani linanitiririka mikononi.

Nilikuwa nimeshalianika shuka na doa lake Tunu alipoanza kusukuma. Mwili mzima unajikaza, anagugumia, analegea, anaanza tena. Mzee akapiga magoti kando ya boksi, akaweka kiganja tumboni mwake, akaniambia nitazame saa. Dakika kumi. Ishirini. Nusu saa, hakuna mtoto. Tunu akaacha hata kujilamba.

"Hii si sawa," Mzee akasema. "Nusu saa kwa nguvu hivi, angekuwa keshatoa. Afadhali tu hakuna kijani."

Nikamwuliza kijani kina nini.

"Mtoto wa kwanza akishatoka, kijani hakitishi, ni kawaida. Kikitangulia kabla yake, ujue kondo la nyuma limeachia. Mtoto humo ndani hana tena pumzi. Hapo hakuna kusubiri, unaita daktari."

Nilitazama saa. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

"Baba," nikasema, "kilitoka."

"Lini?"

"Saa nne."

Hakunifokea. Laiti angenifokea. Aliinamisha tu kichwa mpaka paji la uso likagusa shingo ya Tunu, akaniambia nimpigie daktari wa mifugo, namba mke wangu kaibandika mlangoni.

Daktari, mwanamke, aliniuliza mambo mawili: amesukuma kwa muda gani, na kimetoka cha rangi gani. Nilipomjibu, alisema tusimvute mtoto, tusimpe Tunu chochote, yuko njiani.

Gari lilifika haraka. Nilipomwona dereva nikajua nimekwisha. Ni yule yule wa mashuka. Nikadhani kapita kuchukua mzigo wake siku isiyo yake, wakati shuka lake lipo kwenye kamba na doa lake linaonekana. Kisha mlango wa pili ukafunguka, akashuka mwanamke mwenye buti za mpira na mkoba. Sikuwa na akili ya kuunganisha mambo. Nilimvuta tu mkono.

Alivaa glovu ndefu, akapaka mafuta ya kulainisha, akaingiza vidole. Mimi niliamriwa kushika kichwa cha Tunu. Mtoto wa kwanza alikuwa amekaa mshazari. Daktari alimgeuza taratibu, akisubiri Tunu asukume, mpaka akatoka.

Hakulia. Daktari alimsugua, akamfuta pua, akamsugua tena. Kisha akamweka kwenye taulo, akalikunja juu yake.

Wa pili alitanguliza mkia na miguu ya nyuma. Nikapiga kelele kwamba anakuja kinyume. Daktari akasema wengi huja hivyo, nimwachie mama yake. Akatoka ndani ya mfuko kama nailoni iliyolowa. Tunu akauchana kwa meno, akamlamba mpaka akalia, kisha akaanza kula kila kilichobaki. Mfuko, kondo, damu, vyote, huku anatafuna kwa sauti.

Nilitapika kwenye beseni langu la sabuni.

"Kawaida," daktari akasema bila kugeuka. "Ukimaliza, njoo uhesabu makondo. Kila mtoto na lake. Likibaki moja ndani litaoza, tutampoteza mama."

Basi mimi, ninayeshindwa na unywele mmoja, nikainama juu ya boksi nikihesabu nyama nyeusi zenye ute wa kijani kabla mbwa hajazimeza. Watoto watano, makondo matano. Wanne hai. Tunu akalaza kichwa, akaanza kunyonyesha.

Nikaona nimalize aibu zote siku hiyo hiyo. Nikamfuata dereva, nikamwambia shuka lao moja limechafuliwa na mbwa, nitawanunulia jingine, wawaombe radhi wageni.

Akanitazama. "Wageni gani?"

Daktari, aliyekuwa akinawa mikono pembeni, akatazama kwenye kamba. "Hilo? Hayo mashuka ni ya kliniki yangu, ndugu. Ndiyo tunayowatandikia mbwa wakija kuzaa. Doa kama hilo umeshatutolea mara nyingi tu."

Miaka mitatu. Niliyakumbatia yale mashuka yakitoka kwenye pasi. Nilifukia pua ndani yake nikayanusa, nikajisifu. Nilitazama mikono yangu nikatamani kuivua.

Halafu likanijia lililo baya zaidi. Nilidanganya ili kuficha uchafu wa mbwa kwenye shuka ambalo kazi yake ni uchafu wa mbwa. Hata ningesema ukweli saa nne, hakuna mteja ambaye angekasirika.

Mzee hakucheka. Alikuwa na lile taulo mapajani, anampapasa mtoto aliyekufa, masikio, vidole vya miguu, mkia.

"Daktari," akasema, "huyu, saa nne, alikuwa hai?"

Daktari alikausha mikono yake. "Huenda, Mzee."

Mzee akaninyooshea taulo. Nilimpokea kwa mikono mitupu, bila glovu, nikaenda kumzika nyuma ya chumba cha kufulia.

Mwenye mbwa na anisikie. Kuhema, kuchimba, kutapika, kula kondo, hayo ni kawaida hata kama yanakuchefua. Kijani kabla ya mtoto wa kwanza, nusu saa ya kusukuma bure, saa mbili zimepita kimya na bado kuna watoto tumboni, hayo ni ya daktari. Na uone kinyaa upendavyo, tapika ukitaka, lakini ulichokiona kiseme. Yule mtoto hakuuawa na uchafu. Aliuawa na aibu yangu.

Tunu mzima. Mzee naye hunisalimia vizuri kila asubuhi, na chai tunakunywa pamoja. Ila akitaka kujua shati alilovaa ni la rangi gani, mimi nikiwa nimekaa pale pale mbele yake, humsubiri mke wangu arudi kutoka kazini.