Shimo la Mnoa Visu

Jina la Makali alilipata kwa kazi yake ya kunoa visu, maana kwa tabia alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Karakana yake ilikuwa baiskeli. Akifika kwenye kona ya mtaa, huiegesha juu ya stendi pana, huhamisha mnyororo, kisha hupanda na kukanyaga pedeli. Baiskeli haiendi popote. Kinachozunguka ni jiwe la kunolea lililofungwa mbele ya usukani. Mkewe alizoea kumtania kwamba amekanyaga pedeli ujana wake wote na bado yuko palepale.

Basi siku aliyokwenda kweli, alikwenda vibaya. Njia ya baiskeli iliyopita kando ya barabara yao ilijengwa vizuri, ikapakwa rangi, ikapigwa picha, kisha ikasahauliwa. Mizizi iliinua lami huku, mvua ikaila kule, na mbele ya duka la vifaa vya umeme pakawa na shimo. Likijaa maji, ungedhani ni kidimbwi tu cha kupita ukilowesha miguu. Makali alidhani hivyo hivyo. Gurudumu la mbele likabaki shimoni, yeye akaendelea na safari.

Mkono ukavunjika, rimu ikapinda, jiwe likapasuka. Daktari alimhakikishia kwamba mkono utaunga. Rimu haiungi yenyewe, wala jiwe, na mnoa visu asiye na jiwe ni mtu anayezurura tu na baiskeli.

Kaka wa mkewe, shemeji ambaye aliwahi kuwa mlinzi kwenye ofisi ya wakili na tangu hapo akajihesabu nusu wakili, alimpeleka ofisi ya barabara kudai fidia. Wakaambiwa afisa atakuja Alhamisi kuliona shimo kwa macho yake.

"Shemeji, hilo shimo sasa ni mali," alisema nusu wakili. "Lilinde kama yai."

Makali akawa anashinda pale, mkono kwenye plasta, akiwaonya wapita njia. "Zunguka, dada, hili lina mwenyewe."

Nyumbani, mama mkwe alipewa habari kwa ufupi: kesho mkubwa wa ofisi anakuja pale njiani. Kwa ufupi mno. Huyu ni mama ambaye hata fundi bomba akija, anafagia ua mzima.

Alhamisi asubuhi Makali alifika, akapita, akarudi, akapita tena. Shimo halikuwepo. Palikuwa na kiraka cha matofali yaliyovunjwa na udongo, kimeshindiliwa vizuri, na juu yake mistari ya ufagio anaoufahamu. Akarudi nyumbani mbio.

"Mama, pale njiani..."

"Usinishukuru, baba. Mgeni aje akute shimo? Angetuona watu wa namna gani?"

Mkwe hapandishiwi sauti. "Umefanya vizuri, Mama," alisema Makali, akaenda kumwita shemeji.

Shemeji akaja na sururu, wakaanza kulifukua, wakibishana.

"Kina chake kilikuwa hapa," alisema shemeji.

"Unaongeza. Aliyeanguka ni mimi."

"Ulianguka umefumba macho, ungepimaje?"

Wakiwa hapo, afisa akafika, kijana wa viatu safi, futi mkononi. Akamkuta mwenye plasta anaelekeza na mwenzake anachimba njia ya umma. "Mnafanya nini?"

Nusu wakili alipatwa na kikohozi. Makali hakujua kudanganya. "Tunarudisha shimo, bosi. Lilizibwa kwa heshima yako."

"Yaani mnachimba shimo, halafu mnadai fidia ya shimo?" Afisa akatia futi mfukoni. Makali akaliona jiwe lake jipya likiondoka na mfuko ule.

Hapo akatokea mama mkwe, kiti mkono mmoja, maji mkono wa pili. "Karibu, mwanangu, keti. Nimeliziba mimi kwa matofali ya banda langu la kuku, na hawa wananiharibia kazi."

Shemeji, kwa aibu, akashusha sururu. Ikagonga kitu, kikalia kidogo. Makali alipiga magoti, akachomoa kutoka kwenye tope kengele ya baiskeli yake, aliyokuwa akiitafuta tangu aanguke. Chini ya matofali, kuta za shimo zilikuwa zimeota majani. Afisa akainama, akavuta jani moja lenye mizizi mirefu, akaitazama kengele, kisha akatoa tena futi.

"Hili si la leo," alisema. "Rimu na jiwe utapata, mzee. Ila lisiguswe mpaka mafundi wetu waje."

"Na matofali yangu?" aliuliza mama mkwe.

Mafundi hawakuwa na haraka. Makali alipata jiwe lake, akarudi kwenye kona yake kukanyaga bila kwenda popote. Naye mama mkwe, kwa kuwa amekatazwa kuligusa, kila asubuhi alikwenda na ufagio, akafagia pembeni ya shimo pande zote. Kama ni lazima libaki wazi, alisema, basi angalau lisionekane halina mwenyewe.