Matanga ya Mama Faida

Kwenye Barabara ya Jules, huku Malvern, vinyozi hufanya kazi chini ya mahema kando ya njia. Umeme wanaupata kwa waya mrefu unaotoka dukani, na mashine zao hulia kama nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo. Nimeishi karibu na sauti hiyo miaka mingi, na bado sijaizoea. Kila ninapoisikia mkono wangu huenda kichwani wenyewe, kuhakikisha nywele zipo. Nikizikuta, naendelea na safari yangu.

Nilizaliwa mashariki mwa Kongo, upande wa Uvira. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa mchanga, nami nikapelekwa kituo cha yatima, ambako niliitwa Faida. Nilipofika Johannesburg nilikuwa bado nabebwa. Walionilea ni Wazungu wa hapa hapa Afrika Kusini, watu wema, na ninapoandika "mama" na "baba" humu, ni wao ninaowataja. Mama alikuwa mfamasia. Mambo yote aliyafanya kwa bidii, hata kupenda. Alikuwa amesoma mahali kwamba mtoto aliyetolewa kwao asipojua alikotoka, hukua na tundu ndani yake. Hakutaka niwe na tundu, basi akaanza kulijaza. Akanunua ngoma, akanunua vitenge vya kufunika viti, akatundika kinyago kikubwa juu ya kitanda changu. Mwishowe akamtafuta Dada Zawadi.

Ngoja nieleze kazi yake, maana si kila mahali ipo. Hakuwa mfanyakazi wa nyumbani. Kufua na kupiga deki havikumhusu. Alikuwa msichana wa kukaa na familia, kula nasi mezani, kunichukua shuleni, kunisimamia masomo, na juu ya yote kuniongelesha Kiswahili na kunifundisha mambo ya kwetu. Alitoka Uvira, na hilo ndilo lililompa kazi. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka ulipokaribia kwisha mimi nilianza kuhesabu siku. Katika utoto wangu nilikuwa na woga mmoja tu wa kweli: kwamba Dada Zawadi ataondoka.

Mafundisho yake hayakufanana na mafundisho. Ngoma hakuigusa kamwe. Tulipanda basi hadi soko la Yeoville, akanusa samaki wakavu mmoja mmoja huku akigombana na wauzaji, nami nikashika mfuko. Nyumbani alipika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese, na harufu ile nzito ya mafuta mekundu ikajaa mapazia mpaka baba akawa anauliza kwa upole kama dirisha linafunguka. Kinyago kile kilitoka upande mwingine kabisa wa Afrika na hakikumpendeza. Usiku akiniaga alikigeuza kitazame ukuta. Asubuhi mama alikigeuza kitazame chumba. Kinyago kikaishi hivyo miaka yote, kikizungushwa na wanawake wawili ambao hawakuwahi kulitaja jambo hilo.

Mwanzoni mama alimwomba amwite kwa jina lake. Dada Zawadi alijaribu, akashindwa. Kwao mwanamke mwenye mtoto haitwi hivyo hivyo, ni kama kumvua nguo. Akamwita Mama Faida. Mama alicheka, kisha siku moja nikamsikia akijitambulisha hivyo kwenye simu, akiongea na mwanamke wa Kikongo aliyekuwa akimtafuta Dada Zawadi. Alilitamka taratibu, kama mtu anayejaribu viatu vipya.

Kitu kingine ambacho Dada Zawadi hakukigusa ni nywele zangu za Jumapili. Angeweza kunisuka akiwa amefumba macho, lakini Jumapili jioni ilikuwa ya mama. Mama alijifunza kusuka peke yake, kwa video, na mistari yake ilipinda kama njia ya mbuzi. Nilikaa katikati ya magoti yake, akanipaka mafuta ya nazi kichwani, akanisimulia habari za wagonjwa wa duka la dawa. Siku iliyofuata shuleni watoto walinicheka. Dada Zawadi aliiona ile mistari, akaiacha ilivyo.

Nilipotimiza miaka minane mama aliwasha mshumaa pembeni ya keki. Alisema huo ni wa mama yangu wa kwanza. Tukautazama, kisha ukazimwa, tukala keki. Dada Zawadi alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Baadaye, tukiosha vyombo, aliniuliza:

"Mama yako alipokufa, nani alimulilia?"

Nikamwambia sijui.

"Kuko mutu alikaa chini? Matanga yake nani aliondoa?"

Sikuelewa, na akaacha sahani ndani ya maji akanieleza, kama nami ninavyojaribu kukueleza sasa. Kwao mtu akifa, watu huja wakakaa chini, kwenye mikeka na magodoro, wakalia pamoja, wakala pamoja. Siku ya mwisho wafiwa hunyolewa vichwa, na hapo msiba huwa umeondolewa. Watu huinuka, wanarudi kazini, wanaruhusiwa kucheka. Asiyefanyiwa hivyo, msiba hubaki juu yake. Alinitazama kichwani, kwenye ile mistari iliyopinda.

"Basi weye uko kwenye matanga tangu mutoto," alisema. "Miaka yote hiyo."

Ukweli ni kwamba sikuogopa. Nilijisikia kama mtu aliyeumwa muda mrefu akaambiwa hatimaye jina la ugonjwa.

Alimwomba mama ruhusa ya kunipeleka Jumamosi kwa shangazi yake, mtaa wa Berea, ili wanawake wa kanisa wamkumbuke mama aliyenizaa. Alisema kutakuwa na sala na chakula. Mama alifurahi mpaka macho yakamjaa. Ndicho alichokuwa anakitaka, alisema, ndicho hasa. Yeye alikuwa na zamu kazini, na hakuna aliyemwambia aombe ruhusa huko aje nasi, basi akanunua maua meupe akatukabidhi. Kuhusu kunyoa, Dada Zawadi hakusema kitu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na nina hakika hakuficha. Kwake, kusema "tutaondoa matanga" na kuongeza "tutanyoa" ni kama kusema unakwenda kuoga na kuongeza kwamba utatumia maji.

Shangazi yake aliitwa Mama Bahati. Alikuwa msusi, na alikaa ghorofa ya juu katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa zamani. Tulipanda ngazi na maua yetu. Chumbani viti vyote vilikuwa vimesukumwa ukutani, magodoro yametandikwa chini, na wanawake wamekaa wamejifunga vitenge kiunoni. Waliniketisha katikati. Mmoja, mzee kuliko wote, aliuliza marehemu aliitwa nani. Mimi sikujua, Dada Zawadi hakujua, na hakuna popote palipokuwa na jina hilo.

"Si ni Mama Faida," yule mzee akasema, kana kwamba sisi ndio wajinga. Na akaanza kulia.

Sijawahi tena kusikia kilio kama kile. Walimwita: Mama Faida, umetuacha, Mama Faida, mtoto wako huyu hapa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona. Mtoto wa Johannesburg anajua kulia kwa siri, chooni, bomba likiwa wazi. Sikujua kwamba mtu anaweza kulia kwa sauti namna ile na asione haya. Nikajaribu kidogo. Kisha sikuweza kuacha.

Tulipotulia tulikula, ndipo Mama Bahati akachomeka mashine. Yule mzee akainua mkono. Aliuliza ni nani wa familia atakayenyolewa pamoja nami, kwa sababu mtoto hanyolewi peke yake.

Dada Zawadi akafungua kilemba. Chini yake kulikuwa na rasta ndefu, nyembamba, alizosukwa wiki ile ile na huyo huyo shangazi yake, kutwa nzima.

"Eish, Zawadi, acha mambo yako," Mama Bahati akasema. "Weye si mufiwa. Hao bazungu wako watasema nini?"

"Leo niko mufiwa."

"Na kazi yangu yote hii niliyoshona kichwani?"

"Utashona ingine, tantine. Kata," akamwambia shangazi yake.

Wanawake wengine wakacheka huku wakifuta machozi. Mama Bahati akazikata rasta moja baada ya nyingine, akinung'unika, kisha akamnyoa kabisa. Zamu yangu ikafika. Mashine ikalia karibu na sikio langu, ikapita upande wa kushoto, na katikati ya kichwa ikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika. Ilikuwa zamu ya Berea katika mgao wa umeme. Nilikaa pale nusu kipara, nusu mistari ya mama yangu, na kicheko kilichotoka chumbani humo nadhani kilisikika hadi barabarani. Hata mimi nilicheka. Nilisogezwa dirishani, wakanimaliza kwa mkasi na wembe, polepole, na kwa sababu hiyo tukachelewa.

Mama alikuwa amesimama getini. Nilishuka kwenye teksi nikamkimbilia, kichwa changu kikihisi upepo kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na furaha, na nilitaka aijue.

"Tumemlilia Mama Faida," nilimwambia. "Sasa imekwisha."

Hakupiga kelele. Aliweka kiganja kichwani mwangu, akakiacha hapo. Kisha akamtazama Dada Zawadi, naye hana hata unywele, na uso wake ukafungwa. Nilisikia maneno yao nikiwa chumbani. Baba alikuwa anatafuta maneno laini. Mama alisema mtoto si wa kurudishwa nyumbani amenyolewa na watu asiowajua. Dada Zawadi alieleza mara moja, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba ndivyo inavyofanywa. Halafu hakueleza tena. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Jioni mama alikaa kwenye kiti chake na chupa ya mafuta, hakukuwa na cha kusuka, akaiweka chini akatoka.

Mkataba haukufika mwisho wake. Dada Zawadi aliondoka na mifuko miwili na kilemba kichwani. Alikigeuza kinyago kitazame ukuta, akaniambia nywele zitaota, nisiogope. Safari hii mama hakukigeuza asubuhi. Kilibaki hivyo hadi tulipohama.

Nyumbani kwetu hakuna aliyemwita tena mama kwa jina la Mama Faida. Kiswahili changu kingekufa pia, ila nilipokua nilianza kwenda mwenyewe kanisani kwa Wakongo wa Malvern, nikiokota maneno. Huko nilisikia kwamba Dada Zawadi yuko Cape Town, kwamba ana kazi hotelini, kwamba simu yake imebadilika. Nilimtafuta, lakini si kwa bidii ya kutosha. Niliamini yupo tu, kama vile mtu anavyoamini mlima upo.

Mwaka huu, baada ya ibada, Mama Bahati alinishika mkono. Amezeeka, macho yamefifia. Aliniambia Zawadi amefariki huko Cape Town, wiki kadhaa zilizopita, na amezikwa huko huko na watu wa kazini. Nikamuuliza nani alikaa chini. Akatikisa kichwa. Yeye mwenyewe alipata habari kwa kuchelewa, na ndugu wote wako Uvira. Kisha akaniambia jambo ambalo miaka yote nilikuwa silijui. Nilidhani Dada Zawadi alinyoa ili nisiogope mashine. Mama Bahati akasema hapana: anayenyolewa ni ndugu wa damu tu, na asiye ndugu akinyolewa amejifunga, amekuwa ndugu. "Ule siku alikuwa dada yako kweli," akasema. "Tulimugombeza sana nyuma yako."

Nilitembea hadi Barabara ya Jules nikaingia chini ya hema la kwanza. Kinyozi, kijana wa Kitanzania, alizitazama nywele zangu akaniuliza tunapunguza kiasi gani. Nikamwambia zote.

"Umefiwa, dada?"

"Dada yangu."

Akasema pole, akawasha.

Jioni nilikwenda kwa mama. Siku hizi anakaa peke yake na magoti yanamsumbua, lakini aliniona kutoka dirishani akaja mpaka getini. Aliweka kiganja kichwani mwangu, kama siku ile. Safari hii aliuliza ni nani. Nikamwambia. Akasema, bila kunitazama:

"Siku ile kama angeniambia, ningekuja. Ningekaa chini nanyi. Hata kunyoa ningenyoa."

Nilikuwa na miaka minane. Nilifikiri analilia nywele. Kumbe alikuwa ameachwa nje ya msiba wa mwanawe mwenyewe, na maua yake yakaenda bila yeye. Sijui kama Dada Zawadi angemwalika hata kama angejua anatamani. Hilo sitalijua, na hakuna wa kumuuliza.

Tuliingia ndani. Mama alivuta kiti chake, nikakaa sakafuni katikati ya magoti yake yanayouma, akafungua chupa ya mafuta ya nazi. Alinipaka taratibu, kichwa chote, ingawa hakukuwa na cha kusuka. Alipofika kisogoni nilimwambia asante, Mama Faida.

Vidole vyake vilisimama. Kisha akashuka kwenye kiti, kwa shida, akishika meza, akakaa chini kando yangu.