Pweza Tuliyemwacha Mwambani

Kila nikipita kwa muuza pweza hapa Kibaha, harufu ya sufuria yake hunirudisha mwambani, utotoni, maji ya bamvua yakiwa yamekupwa. Mama mkubwa alitangulia na nondo yake iliyochongoka, akilielekea jua ili kivuli kibaki nyuma, pweza asishtuke. Alipoona magamba ya kaa, masazo ya pweza, mlangoni pa tundu, akachoma. Pweza, kitoweo chetu cha siku ile, akang'ang'ania ndani.

Maji yakaanza kujaa, yakanifika magotini. Mama mkubwa akaiacha nondo humo humo, akanibeba mgongoni.

"Na nondo yako?" nikalia.

"Nondo zipo dukani, mwanangu. Wewe nitakupata duka gani?"

Jioni tulikula ugali kwa chumvi. Sijawahi kushiba vile tena.