Wifi na Kitufe cha Sita

Wifi yangu hakuwahi kunikosea, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mtu mwema kiasi kile, tena wifi? Tobaa.

Nilikuwa nimepunguzwa kazi ofisini pamoja na makarani wenzangu, miaka ile tulipoambiwa kila mtu ajitafutie. Mume wangu akaninunulia kompyuta ya mtumba, nikafungua kibanda cha kuchapa huko Majengo, nyuma ya wauza mahindi. Akamleta na dada yake kutoka Kibakwe, aliyesomea kompyuta, anisaidie. Kuchapa nilijua mimi. Mafaili alijua yeye.

Mashine ile haikuwa na mausi. Wifi alibonyeza herufi mbili tu, skrini ikageuka buluu na kugawanyika: kushoto kazi zilizomo ndani ya mashine, kulia zilizomo kwenye disketi, kile kisahani cha kuchomoa na kuondoka nacho. Vidole vyake vilikimbia kwenye vitufe vya juu, jicho langu likaachwa nyuma. Nikamlazimisha anifundishe. Cha tano kinanakili, kazi inabaki pande zote mbili. Cha sita kinahamisha: kulia kunajaa, kushoto kunabaki kutupu.

Hicho cha sita kilininyima raha. Ripoti za wanachuo, barua za waheshimiwa, mahubiri ya mchungaji, zote zilikuwa kushoto. Wateja walirudi kwangu kwa sababu kazi zao zilikuwa kwangu. Zikiondoka, nao wameondoka, na mimi nirudi wapi? Ofisini hawanitaki.

Nikaanza kumchunga. Nikileta chai, nilipitia nyuma ya kiti chake. Hata wateja wakalalamika kuwa nawasimamia mgongoni. Nikagundua ana disketi yake mwenyewe, haikai mezani, inalala mkobani. Nikamwambia mume wangu, akasema nina gubu. Nikamjibu kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe umenivika wewe.

Siku moja, bila kugeuka, akaniuliza, "Wifi, unailinda mashine au unanilinda mimi?"

"Nawalinda wote wawili," nikasema.

Hakukasirika. Akaendelea kubonyeza.

Jumatatu moja hakuja. Muuza mahindi akanionyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara: kibanda kipya, wifi ndani anafagia, na mwanachuo mmoja, mteja wangu, tayari kakaa kwenye benchi lake. Si nilisema? Nikavuta kitambaa cha kufuma kilichofunika mashine, nikabonyeza zile herufi mbili. Nikatazama kushoto nikitegemea kutupu.

Kazi zote zilikuwepo. Nikateremka na mshale moja moja, mpaka mahubiri ya Pasaka. Haikupungua hata moja.

Nilikaa pale na hasira isiyo na pa kwenda. Angebonyeza sita ningemchukia, nikapumzika. Kumbe alibonyeza tano. Sasa kila mteja kazi yake ilikuwa kwangu na ilikuwa kwa wifi, achague mwenyewe pa kukaa. Yule mwanachuo aliniona namtazama, akasogea ndani zaidi.