Malkia wa Mchwa Asiye na Mlinzi

Wateja walimwita Barafu, kwanza kwa sababu alikuwa fundi wa friji, na pili kwa sababu ungeweza kushinda naye karakanani asubuhi nzima usipate kwake zaidi ya "ndiyo" na "njoo kesho kutwa." Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei. Mkewe alikuwa mcheshi, akizungumza kwa niaba ya wote wawili, na dada yake wa pekee, mshona mapazia, alikuwa na duka mitaa mitatu kutoka hapo. Mwaka wa tatu huo, kaka na dada walikuwa hawasemezani.

Chanzo kilikuwa mama yao. Aliugua ghafla, daktari akasema hana budi kupasuliwa, Barafu akatia saini fomu. Mama hakutoka chumba cha upasuaji akiwa hai. Dada alifika akihema kwa kupanda ngazi, mkoba ungali begani, akakuta mambo yamekwisha.

"Ulisaini peke yako," alimwambia.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kwa kakaye.

Kabla ya hapo walikuwa chanda na pete. Kila Jumamosi walikaa sebuleni kwa mama, kila mtu na simu yake, wakicheza mchezo wa karata za wadudu ulioitwa Himaya ya Bustani. Mama hakuelewa kitu, lakini kila akipita na sinia aliuliza, "Leo nani kamla nani?" Barafu ndiye aliyemfundisha dada. Haukupita mwezi, mwanafunzi akawa anamtandika mwalimu bila huruma, na silaha yake ilikuwa karata moja: Malkia wa Mchwa.

Malkia huyo kwa nguvu si lolote si chochote. Hata panzi humwua. Faida yake ni kwamba kila zamu anayobaki hai, humzaa mfanyakazi mmoja mezani. Kwa hiyo wachezaji wengi humzungushia askari na kumlinda kama mboni ya jicho. Barafu naye alicheza hivyo, na akishindwa alishindwa akiwa bado anamlinda. Dada alisoma maandishi madogo chini ya karata: malkia akiuawa, wafanyakazi wake wote huota mbawa, wakawa kumbikumbi, wakaruka juu ya ulinzi wa adui. Basi alimlinda zamu nne tu. Zamu ya tano alimtuma askari wa kushoto akashambulie, kisha wa kulia, malkia akabaki peupe. Mpinzani mwenye uchu alimpiga, na hapo hapo mawingu ya kumbikumbi yakammaliza. Asipompiga, wafanyakazi huongezeka mpaka wakamfunika. Ni mtego usio na mlango wa kutokea.

Siku moja mchana, Barafu alikuwa anasubiri pampu imalize kunyonya hewa kwenye friji la duka la maziwa. Kazi hiyo haiharakishwi, akatoa simu. Mchezo ukamchagulia mpinzani asiyemjua, mwenye jina la tarakimu tupu. Zamu ya kwanza, malkia. Barafu hakushtuka, malkia wanao wengi. Zamu ya tano askari wa kushoto akatoka. Akafuata wa kulia.

Barafu akaondoa kidole kwenye kioo. Alikuwa na nyuki wa kumwua malkia yule mara moja. Hakumtuma. Alipitisha zamu bila kucheza kitu. Zamu iliyofuata akafanya vilevile, na nyingine tena. Mgeni yeyote angekwisha kumpiga au angalau angejikinga. Upande wa pili nao ukatulia. Wafanyakazi walizidi kuzaliwa lakini hawakutumwa.

Mchezo ule hauruhusu maongezi. Una maneno sita tu yaliyoandikwa tayari: Salamu, Hongera, Asante, Samahani, Fanya haraka, Kwaheri. Barafu aliyatazama moja moja, akabonyeza Samahani.

Hakujibiwa. Saa ya zamu ilihesabu mpaka sifuri, mara mbili, kisha mchezo ukamtangaza yeye mshindi kwa sababu mpinzani ameondoka.  Barafu akazima pampu, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akatoka bila hata kufunga karakana.

Dada alikuwa amesimama mbele ya meza ya kukatia, pini mdomoni, simu juu ya rundo la vitambaa. Alizitoa pini moja moja kabla ya kusema.

"Kwa nini hukumpiga?"

"Nilijua ni wewe."

"Nami nilijua ni wewe, ulipoacha kumpiga." Akavuta kitambaa, akakiachia. "Kaka, siku ile nilikuwa njiani. Ungenisubiri."

"Daktari alisema hatuna zaidi ya saa moja."

"Saa moja ni muda mrefu. Simu ulikuwa nayo."

Barafu angeweza kurudia aliyowaambia watu wote, kwamba alichanganyikiwa. Badala yake alisema, "Nilikuwa nayo mkononi. Sikukupigia kwa sababu niliogopa utakataa."

Dada alizipanga pini mezani. Mteja alichungulia mlangoni, akaona nyuso zile, akaondoka.

"Hata mimi sijui ningesema nini," alisema mwishowe. "Lakini hukuniachia nafasi ya kusema."

"Sikukuachia."

Dada hakumwambia amemsamehe, naye Barafu hakuomba aambiwe. Ila Jumapili ya pili yake dada alifika nyumbani. Alikagua mapazia ya wifi yake, akamwambia yametundikwa ndani nje. Wifi akacheka mpaka akashika ukuta. Chakula kilipoondolewa, dada alisogeza kiti karibu na kakaye.

"Niambie asubuhi ile ilikuwaje. Yote."

Barafu akamwambia, pole pole, mambo ambayo hata mkewe hakuwahi kuyasikia: jinsi mama alivyoomba alegezewe kilemba, alivyolalamikia shuka kukwaruza, alivyoulizia kama dada amekula.

"Na mwisho? Walipomchukua?"

"Nilimshika mkono. Akaniambia nikanawe, nanuka oili."

Dada alicheka, kicheko kikageuka kilio katikati. Barafu alikaa naye hapo hapo mpaka akamaliza.